Redio ya springi ya Trevor Baylis: uzoefu wangu

Haina betri. Haina waya wa umeme, na toleo nililonalo halina hata kipande cha sola. Ina mkono wa kuzungusha, basi. Niliikuta Tanga mjini kwa muuza mitumba ya vyombo vya umeme, akaniachia kwa elfu thelathini na tano, na nadhani mwenyewe hakujua anauza nini. "Kaka, hii haili mawe," ndiyo sifa pekee aliyoitaja. Kwangu ilitosha. Nilikuwa natafuta redio ya mama yangu huko milimani Lushoto, ambako umeme ukikatika hakuna wa kumuuliza, na mawe ya redio yanapatikana duka la chini barabarani, mteremko mkali kwa magoti ya mtu mzima.

Ni ile ya mwanzo kabisa, BayGen Freeplay, iliyoundwa Cape Town miaka ya 1990. Ni pande la plastiki jeusi linalokaribia kilo tatu. Ukiibeba mara ya kwanza unadhani kuna jiwe ndani, na si mbali na ukweli, maana uzito wenyewe ni chuma. Unazungusha mkono mizunguko kama 60, kazi isiyozidi nusu dakika kwa kijana, kisha inaongea nusu saa. Ikinyamaza, unazungusha tena. Mama humaliza mizunguko yake taratibu, anapumzika katikati, anaendelea, na taarifa ya habari ya saa mbili usiku haimpiti.

Nieleze kilichomo ndani, kwa sababu hapo ndipo utamu wa chombo hiki ulipo. Wengi wakisikia "springi" wanafikiria kamani ya saa ya ukutani, ile inayovuta kwa nguvu ikiwa imejaa na kulegea kadiri inavyokwisha. Kamani ya namna hiyo isingefaa redio: ungepata sauti kubwa mwanzoni na mnong'ono mwishoni. Humu kuna utepe mrefu wa chuma uliofundishwa kujikunja upande mmoja, nao umezungushwa kwenye roda mbili. Unapokoroga mkono unauhamisha utepe kutoka roda yake ya asili kwenda roda ya pili, ukiulazimisha kujikunja kinyume na unavyotaka. Ukiuachia, unarudi kwao, na unarudi kwa nguvu ileile tangu mwanzo hadi mwisho. Njiani unasukuma gia, gia zinaongeza kasi, na mwisho wa gia kuna dainamo ndogo. Ndiyo maana dakika ya ishirini na tisa inasikika sawasawa na dakika ya kwanza. Halafu ghafla, kimya.

Kasoro zipo, na hazifichiki. Gia zina mvumo wake, kama cherehani inayoshona chumba cha pili. Mchana huusikii, usiku, sauti ikiwa chini, unausikia kila mara mtangazaji anapovuta pumzi. Mama ameshauzoea, mimi bado. Mpira nao ni mtihani: kipindi kimoja ni dakika arobaini na tano, kwa hiyo Simba na Yanga wakicheza lazima redio ikate kabla ya mapumziko, na mara nyingi inachagua kukata wakati wa kona. Nyumbani tumeweka utaratibu kwamba anayekaa karibu nayo ndiye mzungushaji. Kiti hicho sasa hakigombaniwi.

Upokeaji ni mzuri. Ina FM, masafa ya kati na masafa mafupi, na kule kwetu bonde likikunyima FM masafa mafupi bado yanaleta kitu, ingawa idhaa nyingi za nje zimehamia kwenye FM na simu.

Aliyeibuni hakuwa na kiwanda wala shahada nyingi ukutani. Trevor Baylis, Mwingereza aliyezaliwa 1937, alikuwa mwogeleaji, mwuza mabwawa ya kuogelea, na mchezaji wa michezo ya hatari chini ya maji aliyewahi kutumbuiza katika sarakasi Berlin. Vitu alikuwa akiviunda katika karakana ya nyumbani kwake, kwenye kisiwa cha Eel Pie katikati ya mto Thames. Mwaka 1991 aliona kwenye televisheni kipindi kuhusu UKIMWI Afrika, kikieleza kuwa elimu ingeweza kuwafikia watu kwa redio, lakini umeme hakuna na betri ni ghali. Mwenyewe amesimulia mara nyingi kilichofuata kichwani mwake: alijiona ni Mwingereza wa enzi za ukoloni, kofia kubwa kichwani, kinywaji mkononi, akisikiliza gramafoni ya kuzungusha. Akajiuliza, kama springi inatoa sauti yote hiyo kwenye gramafoni, itashindwaje kuendesha redio?

Nilicheka niliposoma hilo. Ndoto ya bwana mkubwa wa kikoloni ndiyo iliyomletea mama yangu taarifa ya habari. Siwezi kusema imeniuma, ila nimeona niitaje.

Majaribio yake ya kwanza fundi yeyote wa mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, angeyaelewa: alichukua keekee ya mkono, akaifunga kwenye mota ndogo ya umeme, akaizungusha kinyumenyume ili mota itoe umeme badala ya kuula, akaunganisha na redio. Ikabweka. Springi ikaja baadaye, ili mkono upumzike. Makampuni aliyoyapelekea wazo yalimkatalia, mpaka BBC ilipomwonyesha kwenye kipindi chake cha sayansi mwaka 1994 na wawekezaji wakajitokeza. Kiwanda kikafunguliwa Cape Town, na miongoni mwa walioajiriwa walikuwamo watu wenye ulemavu. Jambo hilo lilikuwa karibu na moyo wake, maana kabla ya redio alikuwa ameshabuni vyombo zaidi ya 200 kwa ajili ya watu wenye ulemavu, vingi vikiwa vya kutumiwa kwa mkono mmoja jikoni na nyumbani. Watu wanamkumbuka kwa redio. Mimi naona vyombo vile ndivyo vinavyoonyesha jinsi alivyofikiri, kwamba unaanza na mkono wa mtumiaji, halafu ndiyo unatafuta mashine.

Baadaye akabuni viatu vinavyotengeneza umeme unapotembea, akavivaa mwenyewe na kuvuka navyo jangwa la Namib akichaji simu. Wazo hilo halikufika dukani: baada ya mashambulizi ya Septemba 2001 kule Marekani, nani angepita uwanja wa ndege na viatu vyenye nyaya?

Sasa nilinganishe, kwa sababu najua wengi mtaniambia redio za kuzungusha zimejaa Kariakoo. Kweli zimejaa, na mama alikuwa nayo moja kabla ya hii, ndogo, nyepesi, yenye tochi na kisola juu. Sitaji jina. Ile mkono wake hauzungushi springi. Unachaji betri ndogo iliyofichwa ndani. Ikiwa mpya inapendeza, unazungusha kidogo na kuacha, sola inasaidia, tochi inawaka. Lakini betri ile ikichoka, na huchoka hata ukiiweka kabatini, mkono unabaki pambo. Unakoroga mpaka bega linauma, redio inasema maneno mawili na kuzima. Kumbadilishia mama betri iliyochomelewa kwenye bodi, mlimani, ni safari ya mjini.

Springi haichoki kwa kukaa. Hii yangu haijulikani ilikaa stoo ya nani kwa miaka mingapi kabla ya kufika Tanga, na siku niliyoizungusha iliongea.

Cha ajabu ni kwamba matoleo ya baadaye ya Freeplay yenyewe yalielekea kwenye betri za kuchaji na sola. Kwa upande wa biashara naelewa: ni nyepesi, hazina mvumo, zinadumu saa nyingi. Redio za Lifeline, zilizoanza kutolewa 2003 na kuwafikia Rwanda watoto waliokuwa wakilea wadogo zao bila wazazi, zilikuwa za sola na kuzungusha, na zilifanya kazi kubwa. Ila kwa Baylis mabadiliko hayo yalikuwa pigo. Hataza yake, yaani haki ya kisheria ya mbunifu, ilihusu springi. Springi ilipoondolewa, naye akaachwa nje. Alilalamika hadharani kwamba redio iliyojulikana dunia nzima haikumpa fedha za maana. Alifariki Machi 2018, akiwa na nishani za Malkia na mfuko mwepesi.

Je, ninunue leo? Kama kwako sola ndogo ya paa inafanya kazi na simu inachajiwa, huihitaji. Redio ya simu itakutosha, na hutabeba kilo tatu. Kama ni kwa mzee anayeishi peke yake mahali ambapo kila kitu cha kuchaji huishia kufa, itafute, nami naipa nyota nne. Ya tano imechukuliwa na mvumo.

Haziuzwi mpya tena, kwa hiyo utakutana nayo mtumba. Zungusha mpaka mwisho ukisikiliza: mkono uwe na ukinzani uleule wote, na usisikie "tak" ya jino la gia kuruka. Iache iongee nusu saa nzima ukiwa hapohapo dukani, hata muuzaji akikunja uso. Antena iliyovunjika isikutishe, fundi yeyote anaifunga nyingine. Lakini springi yenyewe usimruhusu fundi aifungue ikiwa imejaa, kwa sababu utepe ule ukifyatuka unakata kidole. Iachwe iishe kwanza, ndipo bisibisi iguse skrubu.