Uhimilishaji wa mtamba wangu hapa Tukuyu: nilivyofeli mara ya kwanza na nilivyofanikiwa mara ya pili

Nafuga ng'ombe wawili chotara wa Friesian, wako bandani, wanakula matete na majani ya gwatemala. Zamani nilikuwa napeleka kwa dume la jirani, mpaka nilipokumbuka kwamba mtamba wangu, yule jike mdogo ambaye hajazaa bado, baba yake ni dume hilohilo. Nikaona sasa ni uhimilishaji tu, yaani mtaalamu anampandisha ng'ombe kwa mbegu za dume zilizogandishwa kwenye mrija, bila dume lenyewe.

Mara ya kwanza niliumia sana. Mtamba aliingia kwenye joto, yaani alianza kutaka dume, saa 12 asubuhi: analia, chakula hagusi, ute unaning'inia kama wa yai. Nikampigia mtoa huduma niliyeelekezwa. Alifika kesho yake saa 7 mchana, ng'ombe ametulia kabisa. Akapandisha hivyohivyo, akachukua hela. Baada ya siku 21 kilio kilekile. Hela haikurudi.

Safari hiyo nikamwita mhimilishaji mwingine. Kabla hata ya kutaja bei aliniuliza, "Mama, lini umemwona anasimama akipandwa na mwenzake?" Nikasema alfajiri ya leo. "Basi nakuja jioni. Ungemwona jioni ningekuja kesho asubuhi."

Saa 11 jioni, na mvua yetu ya huku, pikipiki ikaingia na mtungi wa naitrojeni, ile ya baridi kali inayotunza mbegu. Nilisimama karibu nikatazama. Alipima maji ya uvuguvugu kwa kipimajoto, nyuzi 37, akazamisha mrija kwa nusu dakika, akaukausha kwa karatasi, akakata ncha, kisha akauficha ndani ya koti usipigwe na baridi. Mbegu alichagua ya Jersey, kwa sababu ndama wake ni mdogo na huyu ndiyo uzao wake wa kwanza. Mimi nilitaka Friesian kwa ajili ya maziwa, nashukuru alinikatalia.

Nililipa 35,000. Miezi mitatu baadaye alirudi kupima, mimba ipo. Aliniachia kadi yenye tarehe na namba ya dume, hiyo kwangu ni mali, maana sitaki kuingia kwenye kosa la kupandisha baba na binti. Mtamba alizaa mwenyewe usiku, ndama jike, hakuna aliyevuta kamba.

Kasoro ni moja: Jumapili simu yake haipatikani, na ng'ombe wangu mkubwa alishapitwa na joto moja kwa sababu hiyo. Sasa naandika tarehe kwenye kalenda ya jikoni. Joto lake lijalo naliangalia kuanzia Jumanne, na nimeshamtaarifu.