Kipimo cha aleji cha nyumbani kilisema korosho ni salama

Mwanangu ana miaka minne, tunaishi Leicester, Uingereza. Idi iliyopita alikula kwenye sinia la jirani: visheti, kashata za karanga, keki, korosho. Hata adhuhuri haijafika, mwili mzima mabaka, jicho moja limevimba mpaka limefumba. Daktari wetu alituandikia rufaa ya kliniki ya mzio (aleji), lakini foleni ilikuwa miezi mitano. Nikaona ni mingi mno, nikaagiza kipimo cha nyumbani.

Kukitumia ni rahisi: unamtoboa kidole, unakinga matone ya damu, unatuma kwa posta. Majibu yalikuja na vyakula 17 vyekundu, yaani vya kuepuka, vikiwemo maziwa, ngano, mayai, hata wali. Nikaviondoa vyote. Wiki sita mtoto alishinda na viazi na kuku, akapungua mpaka suruali zikawa zinamvuka.

Korosho kwenye majibu hayo zilikuwa kijani, yaani salama. Mama alikuwa ametuletea pakiti kutoka Mtwara, nikampa tatu bila wasiwasi wowote. Dakika chache tu, midomo ikavimba, akatapika, pumzi ikaanza kumpiga chenga. Wahudumu wa ambulensi walimchoma adrenalini, dawa ya dharura ya mzio mkali, pajani. Mpaka leo nikikumbuka mikono inatetemeka.

Kliniki, tulipofika hatimaye, daktari alianza na maswali: alikula nini, kiasi gani, baada ya dakika ngapi ndipo vipele vikatoka. Dawa za kuzuia muwasho tulikuwa tumeambiwa tuziache siku kadhaa kabla, maana zinaficha majibu. Akamdondoshea mkononi matone yenye vyakula tulivyovishuku, akachoma juu juu kwenye kila tone, tukangoja dakika 15. Korosho ikatoa uvimbe wa milimita 9, wa pistachio, jamii moja na korosho, nao ukaumuka. Karanga milimita 3. Maziwa, ngano, mayai: ngozi kimya.

Ndipo nikaelewa. Kipimo changu kilipima IgG, kingamwili (protini za kinga kwenye damu) ambazo mwili huwa nazo kwa chakula ulichokizoea. Maziwa anakunywa kila siku, yakawa mekundu. Korosho alikuwa amezionja mara moja tu, zikawa kijani. Mzio huu wa ghafla hutokana na IgE, kingamwili nyingine kabisa.

Hata uvimbe wa ngozi peke yake hautoshi kuthibitisha mzio. Kwa karanga, walimlisha palepale hospitalini, chembe kwanza, kisha zaidi kidogo, saa kadhaa, adrenalini ikiwa tayari pembeni. Alizimaliza zote bila hata kujikuna. Kashata amerudishiwa!

Kliniki naipa nyota tano pamoja na foleni yake. Kile cha nyumbani, kwa mtoto aliyewahi kuvimba, sikipi hata moja. Mzazi mwenzangu unayesubiri rufaa, zuia vile tu unavyovishuku, andika alichokula na saa aliyokula, na akianza kuhema kwa shida ita ambulensi papo hapo. Sisi sasa tuna sindano mbili za adrenalini kwenye mkoba wangu na mbili shuleni kwake, na korosho za Mtwara tumempa jirani.