Leseni ya silaha Tanga: huduma nzuri yenye swali moja lisiloulizwa

Wenzangu wenye mashamba upande wa Muheza wameniuliza mara nyingi kama kuomba leseni ya kumiliki silaha ni jambo la kujaribu au ni kujitafutia maradhi ya miguu, na kwa kuwa njia hiyo nimeshaipitia karibu yote, naona niandike tathmini yake ili kila mmoja asilazimike kunipigia simu. Mimi ni mwalimu mstaafu ninayekaa Ngamiani, Tanga mjini. Shamba langu la michungwa na mihogo liko Muheza, ambako nguruwe pori huingia usiku na kufukua mihogo kana kwamba wamelipwa kwa kibarua hicho. Niliomba bunduki ya marisau. Bastola sikuitaka na sina kazi nayo.

Huduma huanzia chini kabisa, kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, ambaye huandika barua ya kueleza kwamba mwombaji anafahamika, ana makazi ya kudumu na hana sifa ya ugomvi. Barua hiyo hupanda hadi kata, kisha polisi, ambako nilipeleka picha, nakala ya kitambulisho cha NIDA, karatasi za shamba na maelezo ya maandishi kuhusu sababu ya kutaka silaha na mahali nitakapoihifadhi. Nilichukuliwa alama za vidole ili ijulikane kama nimewahi kutiwa hatiani. Baada ya hapo jalada hujadiliwa na Kamati ya Ulinzi na Usalama ya Wilaya, halafu ya Mkoa, na mtu asiye na subira atakata tamaa hapo, maana jalada likishaingia kwenye vikao hakuna wa kulisukuma. Utaratibu huu umesimama juu ya sheria ya udhibiti wa silaha na risasi ya mwaka 2015, na nakiri kwamba nilikwenda nikitarajia urasimu wa bure, nikakuta jambo lenye akili: mtu hapewi silaha kwa sababu ana fedha, hupewa baada ya watu kadhaa wanaomjua na wasiomjua kuridhika naye.

Mapokezi yalikuwa mazuri. Afande aliyenihudumia aliniamkia, akanipa kiti, na hakuna aliyenidokezea habari za chai. Kilichonichosha ni "njoo Jumatatu", niliyoambiwa mara nne, pamoja na duka la kutoa nakala lililo nje ya geti, ambalo mashine yake hufanya kazi inapojisikia. Tathmini ingeishia hapa, ningetoa nyota nne kati ya tano na kwenda zangu shamba.

Haikuishia hapa kwa sababu ya mke wangu. Siku moja nilirudi nikamweleza kwamba mwenyekiti wa mtaa ameulizwa habari zangu, mtendaji wa kata ameulizwa, na jirani wa shambani naye ameulizwa. Alikuwa juu ya mbuzi akikuna nazi, akaendelea kukuna mpaka kifuu kikabaki kitupu, ndipo akasema: "Mwalimu, wameulizwa wote wasiolala humu ndani. Mimi nitakayelala na hiyo bunduki chumba kimoja, mbona sijaulizwa?" Nilitaka kucheka nikashindwa. Wiki iliyotangulia askari alikuwa amekuja kukagua kabati la chuma nitakamoifungia silaha. Mke wangu ndiye aliyemfungulia mlango na kumpa kahawa, na swali pekee aliloulizwa lilikuwa kama mzee yupo.

Tumeoana miaka 38 na sijawahi kumnyanyulia mkono, lakini hilo nalisema mimi, na katika jalada langu hakuna mwingine wa kulithibitisha. Mwenyekiti wa mtaa anajua kwamba nalipa mchango wa ulinzi na nahudhuria mazishi. Kuhusu yanayotokea mlango ukishafungwa, anajua kile tu ninachotaka akijue, na nimeishi mtaani muda wa kutosha kufahamu kwamba mwanamume anayempiga mkewe anaweza kuwa ndiye mwenye salamu nzuri kuliko wote barazani.

Hesabu za Umoja wa Mataifa za mwaka 2023 zinasema wanawake na wasichana wapatao 51,100 duniani waliuawa na wenza wao au watu wa familia zao, sawa na 140 kila siku, na Afrika ndiyo iliyokuwa na idadi kubwa zaidi, takriban 21,700. Hapa kwetu habari tunazozisikia zaidi ni za panga, kisu na kipigo, na kuna atakayesema kwamba kwa sababu hiyo leseni ya bunduki ni mjadala wa watu wa mbali. Mimi naona kinyume chake. Anayeandamwa na panga bado ana mlango wa uani, ana yowe, na ana jirani wa kuja kuamua ugomvi. Risasi haimwachii nafasi hizo. Ni nyumba ngapi za mji huu zimenusurika kwa sababu tu kilichokuwa karibu na mkono wakati wa hasira kilikuwa mwiko? Mwezi Mei 2022, huko Buswelu, Mwanza, mfanyabiashara mmoja alimuua mkewe kwa risasi nyumbani kwao, na baadaye yeye mwenyewe akaopolewa katika Ziwa Victoria akiwa maiti. Utafiti uliofanyika katika miji kadhaa ya Marekani na kuchapishwa mwaka 2003 ulikuta kwamba mwanamke anayepigwa na mwenza wake huwa katika hatari ya kuuawa mara tano zaidi ikiwa mwanamume huyo anaweza kuifikia bunduki.

Swali la mke wangu kumbe katika nchi nyingine liko ndani ya fomu. Kanada, ambayo ilikaza sheria zake katika miaka ya 1990 baada ya wanawake 14 kuuawa katika chuo cha uhandisi mjini Montréal mnamo Desemba 6, 1989, humtaka mwombaji amtaje mwenza wake wa sasa na yeyote aliyeishi naye katika miaka miwili iliyopita, na huweka nafasi ya saini zao. Mke asiposaini, hiyo peke yake haizuii leseni, bali ofisi inalazimika kumjulisha kwamba maombi yapo, naye hupata nafasi ya kusema alilo nalo. Australia, baada ya watu 35 kuuawa Port Arthur mwaka 1996, serikali zake zilikubaliana kumnyima leseni mtu aliyewekewa amri ya mahakama kwa ukatili wa nyumbani ndani ya miaka mitano iliyopita. Karibu zaidi na sisi ni Afrika Kusini, ambako sheria ya silaha ya mwaka 2000 ilianza kutekelezwa kikamilifu mwaka 2004: watafiti wa huko walikuta kwamba mauaji ya wanawake mikononi mwa wenza wao yalishuka kutoka 8.8 kwa kila wanawake 100,000 mwaka 1999 hadi 5.6 mwaka 2009, na wakaitaja sheria hiyo miongoni mwa sababu. Bado 5.6 ni idadi ya kutisha. Ni sawa na mwanamke mmoja kila saa nane.

Hata Marekani, ambayo wengi wetu tunadhani bunduki huuzwa kama sukari, sheria ya mwaka 1996 inamnyima silaha aliyetiwa hatiani kwa kumpiga mwenza, hata kama kosa lenyewe ni la daraja dogo, na Juni 2024 majaji 8 kati ya 9 wa mahakama yao ya juu walikubali kwamba mtu aliyewekewa amri ya kumlinda mwenzake anaweza kuzuiwa kumiliki bunduki. Jimbo la Connecticut lilianza mwaka 1995 kumtaka kila mnunuzi wa bastola awe na kibali kwanza, na watafiti walikadiria kwamba mauaji ya bunduki yalipungua kwa asilimia 40 katika miaka kumi ya mwanzo. Missouri ilifuta kibali cha namna hiyo mwaka 2007, na mauaji ya bunduki yakapanda kwa karibu robo.

Lakini kuchukua kile kipengele cha Marekani cha mwaka 1996 na kukipachika hapa hakutatosha, kwa sababu kinategemea hukumu, na Tanga hukumu za aina hiyo ni adimu kuliko vipigo vyenyewe. Katika kituo nilichokwenda, chumba cha majalada ya silaha na chumba cha Dawati la Jinsia na Watoto, ambako polisi hupokea malalamiko ya ukatili wa nyumbani, vimetenganishwa na ua mmoja wenye mwarobaini. Jumatatu mojawapo nilikaa chini ya mti huo kwa saa mbili nikawaona wanawake wawili wakiingia upande wa pili, mmoja akiwa amejifunika mtandio hadi jicho. Nilipoitwa nikauliza: "Afande, jina langu mmelitafuta na kule?" Akanijibu kwa upole: "Mzee, kule mashauri mengi watu husuluhishwa na wazee wao, wakarudi nyumbani. Likishasuluhishwa, kwetu halionekani." Nilimwelewa kabisa, kwa kuwa katika maisha yangu nimekaa kwenye vikao vya suluhu visivyopungua kumi, na kila mara tulifunga kwa kusema mambo ya nyumbani yaishie nyumbani. Sikumbuki hata mara moja tulipouliza kama ndani ya nyumba hiyo kuna silaha. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 66, inakataza mtu kumwadhibu mwenza wake kwa kipigo. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta kwamba asilimia 27 ya wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili tangu walipofikia miaka 15. Kati ya kifungu hicho na asilimia hiyo ndipo wazee kama sisi tunapokalia mikeka yetu ya suluhu.

Kwa hiyo nyota moja naiondoa, nabaki na tatu. Ningependa mke, au mtalaka, aulizwe peke yake, na askari wa kike wa Dawati, mbali na mume anayesubiri nje, maana saini inayotiwa mbele ya mwombaji haina thamani ya wino wake. Rafiki yangu mmoja alipinga akisema mke mwenye kinyongo atamkomoa mumewe. Huenda, na hasara itakayotokea ni mihogo kuliwa na nguruwe. Aulizwe tena leseni inapohuishwa, kwa sababu ndoa ya mwaka wa kwanza si ndoa ya mwaka wa kumi, na malalamiko yaliyosuluhishwa yaandikwe mahali ambapo chumba cha silaha kinaweza kuyasoma. Magobore yaliyochomekwa kwenye mapaa ya vijijini leseni haiyafikii. Hayo yana njia yake, kama ule msamaha wa kusalimisha silaha kwa hiari uliotolewa Septemba na Oktoba 2022.

Jalada langu sasa liko mkoani. Kabla halijaondoka wilayani, mke wangu aliandika barua ya nusu ukurasa kwa mwandiko wake, akasema yeye ni mke wa mwombaji, hana pingamizi, ila ana sharti: ufunguo wa kabati la chuma ukae kwake, na bunduki itoke siku za kwenda Muheza tu. Afande aliisoma mara mbili, akaniuliza kama nimeisoma, nikasema sijaonyeshwa. Alitafuta kwenye fomu mahali pa kuiorodhesha, hakupaona, akaibana kwa pini nyuma ya hati ya alama za vidole.