Tuisheni ya kinga ya mwili, Rau: inalipa, ila usikae dirishani

Wenzangu wa maabara, uuguzi na utabibu hapa Moshi mnaoulizia ile tuisheni ya jioni kule Rau, nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi: nimesoma pale, nimelipa mwenyewe elfu tano kila kipindi, na nitasema ninavyoona.

Mwalimu ni mstaafu wa maabara, mtu wa makamo aliyezidi kidogo. Slaidi hana. Ana ubao mweupe na kalamu za rangi, na ile mada ya vipokezi vya kemokaini (kemokaini ni kemikali zinazoita seli, kipokezi ni sikio la seli linalosikia wito huo) tuliyozoea kuikariri kama namba za magari, yeye anaifundisha kwa kuifuata seli tangu inakozaliwa. Anaanzia kwenye uboho. Seli shina, zinazozaa chembe za damu, hutulia mle kwa kuwa zina kipokezi CXCR4, na uboho wenyewe hutoa kemokaini CXCL12 inayozishikilia. Kipokezi hicho kikizibwa kwa dawa ya pleriksafo, seli zinatoka kwenda kwenye damu, na hapo ndipo wanaopandikiza uboho huzivuna. Kisha anachora njia ya seli T changa, askari wa kinga, kwenda kwenye thaimasi, tezi ya kifuani zinakokomaa, CCR7 na CCR9 zikisaidia kuzifikisha. Zikishapita mchujo wa kwanza kwenye gamba la thaimasi, CCR7 inazivuta ziingie sehemu ya kati. Zikikomaa na kutoka, CCR7 hiyohiyo inaziingiza kwenye tezi za limfu. Seli B, zile za kutengeneza kingamwili, nazo zinafuata CXCL13 kwa kipokezi CXCR5 hadi kwenye vifundo vyao.

"Nendeni stendi," anasema. "Wapiga debe wote wanaita kwa mpigo, lakini abiria wa Rombo anasikia Rombo tu." Dada mmoja wa mbele akamkatisha: mbona CCR7 inasikia kemokaini mbili, CCL19 na CCL21 pia? Mzee akacheka, akasema, "Hapo umenibana, mwanangu," akafuta nusu ya ubao na kuanza upya. Hapo ndipo nilipompenda.

Kipindi cha kukimbilia ni kile cha Duffy. Sisi wa benchi ya hematolojia, yaani vipimo vya damu, tunapata kila mara picha kamili ya damu ya mtu mzima wa afya njema, neutrofili (aina ya chembe nyeupe) ziko chini ya kiwango cha kitabu, na daktari anapiga simu kuuliza kama mashine ina hitilafu. Mwalimu alieleza taratibu. Duffy ni kipokezi cha kemokaini kisichotuma ishara ndani ya seli, kinazinasa tu. Wengi wetu Waafrika hatuna Duffy kwenye chembe nyekundu, kwa badiliko dogo la jeni. Kimelea cha malaria Plasmodium vivax hutumia Duffy kama mlango wa kuingilia, ndiyo maana huku kwetu tunahangaika zaidi na kimelea kingine cha malaria, falciparum. Badiliko hilohilo ndilo linaloshusha hesabu ya neutrofili kwenye damu, bila kinga ya mtu kudhoofika. Nilitoka pale nikiwa na hasira kidogo na vitabu vyenye viwango vilivyopimwa kwa damu za Ulaya. Miaka yote benchini, hakuna aliyewahi kunieleza hivyo.

CCR5 ameipitia kwa haraka mno kwa maoni yangu. Alisema ni mlango wa VVU, uliotambuliwa mwaka 1996, na kwamba waliorithi pande zote mbili jeni iliyopungukiwa herufi 32 za DNA hawaambukizwi kirahisi na virusi vinavyotumia mlango huo. Akamtaja Timothy Ray Brown, mtu wa kwanza kupona VVU, aliyepandikizwa uboho wa mtu wa namna hiyo huko Berlin mwaka 2007, basi, akahama. Mtihani unaipenda mada hii, angekaa nayo.

Sasa kero. Notsi zake ni fotokopi ya fotokopi: kwenye karatasi yangu CCR7 inasomeka CCR1, na hicho ni kipokezi kingine kabisa chenye kazi yake. Nunua, lakini sahihisha kwa kufuata ubao. Mitihani iliyopita hasomi na nyinyi. Anayetaka maswali na majibu atafute kwingine. Umeme ukikatika anaendelea kwa tochi ya simu, ubao hauonekani, na pesa harudishi.

Alhamisi kuna watu wachache. Fika kabla ya saa kumi na moja upate benchi la upande wa ukuta, kwani dirisha linatazamana na fundi wa kuchomelea mageti, na grenda lake halijui kuwa kuna darasa.