Saladi ya mahindi ndani ya mfuko wa krispi: nimeijaribu kwa mahindi ya Mbeya

Mapishi haya nimeyatoa kwenye kitabu cha vitafunwa. Kitabu kinaiita saladi, ila ukweli ni mahindi ya kubabua yaliyochanganywa na mayonesi, ndimu na pilipili, yanaliwa humohumo kwenye mfuko wa krispi. Mama yake ni esquites ya mitaani Mexico, punje za mahindi zinazouzwa kwenye kikombe. Ladha naipa 8 kwa 10. Maelekezo nayapa 5, maana yameandikwa kwa mahindi matamu ya kopo.

Mahindi meupe ya Mwanjelwa au Uyole, hapa Mbeya, yana wanga mwingi. Kitabu kinataka punje zikaangwe dakika 6 kwenye kikaango kikavu. Zangu zilitoka ngumu nje, unga ndani, na nyingine ziliruka hadi sakafuni. Chagua hindi ambalo punje yake ukiibonyeza kwa kucha inatoa maziwa. Ikitoa kitu kama donge, limeshapitiliza. Chemsha mahindi 4 kwa dakika 30 hivi, usiharakishe: Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na maji yetu yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi. Kisha babua kwenye mkaa mkali dakika 4 au 5 ukigeuzageuza, mpaka yapate madoa meusi. Yaache yapoe kabisa ndipo ukate punje kwa kisu, hindi likiwa limesimama ndani ya bakuli. Zikiwa za moto, mayonesi inajitenga na mafuta yake.

Mayonesi vijiko 6 vya chakula, kama kitabu kinavyotaka, ni balaa. Weka 3, ongeza 3 vya maziwa mgando yaliyochujwa kwenye kitambaa. Ndimu 1, pilipili kichaa 1 bila mbegu, giligilani kiasi, na nusu kitunguu kilichooshwa kwa chumvi na kukamuliwa kama cha kachumbari. Jibini inayotakiwa ni kavu na ya chumvi. Ukiikosa, karanga za kukaanga zilizopondwa zinaziba pengo vizuri kuliko jibini laini.

Tango nimelitoa. Chumvi inalivuta maji, na baada ya dakika 10 chini ya bakuli kuna mchuzi. Nyanya itolewe mbegu. Nilipoongeza parachichi (wazo langu, si la kitabu), la aina ya Hass kutoka Rungwe lililoiva huku limekaza lilibaki vipande. Lile kubwa la kienyeji liligeuka uji. Chumvi iwe ya mwisho, maana krispi zina yake.

Mfuko sasa. Krispi zilizofungwa Dar zikipanda huku mifuko inavimba kama mpira, kwa hiyo toboa kona kwanza hewa itoke, ndipo uziponde kidogo. Ukiponda kabla, mfuko unapasuka. Chana ubavu mrefu, si mdomo, la sivyo kijiko hakifiki chini na mkono wote unapakaa mayonesi. Vijiko 4 vya saladi vinatosha mfuko wa gramu 50. Jaza pale mlaji anapokaa: dakika 5 zikipita, krispi zimelowa.

Kiangazi, mahindi mabichi yanapoadimika, ulizia ya vinyungu (mashamba ya mabondeni yenye unyevu) kutoka Iringa. Saladi ikibaki bila krispi, isizidi siku hiyohiyo. Mimi naikunjia kwenye chapati.