TAHADHARI: Muuzaji wa LEGO bandia anazunguka Ngamiani, Tanga

Ndugu zangu wa Tanga, naandika nikiwa na hasira na aibu kwa pamoja, maana nimetapeliwa mchana kweupe na aliyenitapeli bado anatafuta mzazi mwingine wa kumliza.

Kabla hatujaenda hospitali ya Bombo nilimwahidi mwanangu LEGO, vile vitofali vya plastiki vya kuchezea vinavyounganishwa. Jumamosi baada ya Alasiri nilimkuta kijana huyo amepanga maboksi mezani, amevaa kwa heshima, na wala hakunisukuma ninunue. Alifungua kopo dogo, akanitolea vitofali viwili vyekundu, akasema, "Mama, shika mwenyewe, viunganishe." Niliviunganisha vikanasa kwa mlio mdogo, na kuvitenganisha ilinibidi nitumie kucha. Akanionyesha jina la LEGO juu ya kila kinundu, nami nikasogeza macho nikaliona, dogo lakini limekaa sawasawa. Kisha akanieleza kwamba kampuni yenyewe ni ya Denmark, kwamba muundo huu uliombewa hataza, yaani ulinzi wa kisheria wa uvumbuzi, mwaka 1958, na kwamba kitofali cha mwaka huo hushikana na cha leo. Yote hayo ni kweli, niliwahi kuyasoma, na ndiyo maana nilimwamini. Nisingedhani kwamba mtu anayeijua bidhaa kiasi kile angekuwa anauza ya uongo. Nikalipa shilingi 140,000 kwa simu, akaniandikia risiti kwa mkono.

Nyumbani mwanangu alivimwaga mkekani. Kitabu cha maelekezo hakikuwemo, ila karatasi moja ya fotokopi iliyofifia. Ukuta wake ulisimama safu nne. Alipoweka ya tano ukatanuka katikati na kuanguka. Akaanza upya, akibonyeza kwa vidole gumba vyote viwili, kisha akaniambia taratibu, "Mama, vinaachia." Vingine vilibana hata havikuingia kabisa. Nilipokipeleka kimoja dirishani niliona vinundu vitupu, bila jina lolote, na ukingoni mabaki ya plastiki yanayokwaruza kidole. Alinijaribisha vya kweli akaniuzia vya bandia! LEGO halisi hutengenezwa kwa plastiki ngumu iitwayo ABS, katika kalibu zenye vipimo vya sehemu ndogo mno za milimita, na hapo ndipo ushikaji wake unapotoka. Hivi vyangu ni takataka iliyotiwa rangi.

Nimempigia tangu usiku ule, simu haipatikani. Mtu huyu akamatwe, mzigo wake uteketezwe, na fedha za watu zirudi, kwa sababu aliyemdhulumu mtoto anayetoka kuugua hastahili kuonewa huruma. Bidhaa bandia ni kosa kisheria, na Tume ya Ushindani ipo kwa ajili ya mambo kama haya.

Mkikutana naye, msikubali kujaribu cha kwenye kopo. Mwambieni afungue boksi lile lile mnalolinunua, mtazame vinundu vya humo ndani. Langu lilikuwa limefungwa kwa gundi ya karatasi ya kawaida, nami sikulijali hilo. Alinikataza pia kulitikisa, akidai vitavunjika, na plastiki ile ngumu haivunjiki kwa kutikiswa.

Boksi, risiti na ujumbe wa malipo ninavyo. Jumatatu saa mbili asubuhi ninakwenda polisi Chumbageni. Aliyeuziwa na mtu huyo aje na vyake tuandikishe pamoja.