Steshenari ya Mwanjelwa iliyonitaipia madaftari yangu ya safari

Mwezi mzima nimekuwa nikipeleka kazi kwenye steshenari moja ya uchochoroni, nyuma ya Soko la Mwanjelwa hapa Mbeya, na nataka kila mwenye muswada wa mkono aijue. Mlangoni kuna mashine mbili za fotokopi na foleni ya wanafunzi. Chumba cha ndani kina kompyuta tatu. Binti anayetaipu anakaa ile ya kona.

Mimi ni mwandishi wa kujitegemea. Tangu 1999 nimekuwa nikiuza makala moja moja. Mshahara sina, nauli na viza natoa mfukoni, na hela naiona kazi ikishachapishwa. Nilianza na Ziwa Nyasa: Tukuyu, Kyela, nikavuka mpaka wa Kasumulu hadi Karonga na Nkhata Bay kule Malawi, nikapanda meli ya Ilala. Baadaye TAZARA mpaka Kapiri Mposhi, halafu Addis Ababa, Istanbul, Guangzhou, London. Kila safari ina daftari lake. Kurasa za kushoto ni nilichokiona, za kulia ni nilichoambiwa, zote kwa penseli, kwa sababu wino ukinyeshewa umekwisha. Madaftari yapo 11 na sasa nayatengenezea kitabu.

La kwanza nililipeleka duka jingine, kubwa kuliko hili. Nikarudishiwa kurasa 64 zinazopendeza kwa macho. Kuzisoma, nakuta bibi wa Tukuyu aliyepokea kilo yangu ya sukari akasema "ndaga fijo", yaani asante sana kwa Kinyakyusa, sasa anasema "ndege fijo". Nkhata Bay imekuwa Nakata Boy. Mvuvi aliyeniambia mwanawe "hajarudi" ameandikiwa "amerudi". Jina la mji ningelisahihisha hata usingizini. Hili la mvuvi lingeweza kupita mpaka kitabuni, na yule baba nilikaa naye mchangani mpaka alfajiri tukitazama maji.

Binti wa Mwanjelwa hakisii. Neno asiloweza kulisoma analiachia nafasi, anaipaka njano, na jioni anapiga simu: "Shikamoo baba. Ukurasa wa 31, mstari wa tano kutoka chini, ni mtumbwi au mtambo?" Siku ya kwanza alinipigia mara tisa. Tulipofika daftari la tatu ikawa mara moja au mbili, alishaizoea "r" yangu. Maneno ya Kinyakyusa anayaacha yalivyo. Mvuvi wangu amerudishiwa neno lake.

Siku moja aliacha kutaipu akaniuliza, "Baba, huko kote nani alikuwa anakutuma?" Nikamjibu hakuna aliyenituma. Nikamsimulia habari za Martha Gellhorn, mwandishi wa Marekani, ambaye mwaka 1944, kwenye Vita vya Pili vya Dunia, hakuwa na kibali cha kwenda Normandy, Ufaransa, majeshi yalipotua huko. Akaingia kwenye meli ya hospitali, akajifungia chooni mpaka ikang'oa nanga, akashuka ufukweni pamoja na wabeba machela. Marekani ilipoivamia Panama mwishoni mwa 1989 alikuwa na miaka 81, na alikwenda kuripoti. Binti akataka nimtajie jina hilo herufi kwa herufi, maana limo kwenye daftari la London. Akaliandika kwenye karatasi, akalibandika ukutani juu ya kompyuta.

Kutaipu ni shilingi 1,000 kwa ukurasa, kuprinti 200. Masahihisho ya kwanza ni bure, ya pili unalipia, na naona ni haki kabisa. Bainding yao ya spairo sikuipenda, inabana kurasa ukifunua. Hawana jenereta, kwa hiyo umeme ukikatika kazi inasimama, na baridi hii ya Juni ukisubiri kibarazani uwe na koti zito. Lakini sijapoteza hata mstari mmoja. Anahifadhi kila ukurasa akiumaliza, kwenye kompyuta na kwenye flashi yako. Waombe waipime virusi kabla hujaondoka nayo, kwani mashine za mle zinachomekwa flashi za mji mzima. Na madaftari yako yaandike namba za kurasa kabla ya kuyakabidhi.

Jambo moja nalisema kwa mwenye duka, na ana kwa ana nimeshamwambia: mwekeeni huyu binti taa. Kona yake ina giza, na anasoma penseli iliyofifia miaka mingi. Macho yale ndiyo yanayotufanya tupite maduka mengine yote tuje kwenu.

Jumamosi msiende, wanafunzi wanajaa mpaka nje. Asubuhi za katikati ya wiki ni tulivu. Kuhusu ISBN, ile namba ya utambulisho wa kitabu, nitawaona Bodi ya Huduma za Maktaba kazi ikiisha, bado madaftari saba. Alhamisi napeleka la Istanbul.